Ulinunua au Ulipewa? Swali la Watazamaji wa Video za Trekta Lina Zaidi ya Miaka 100

Kuna kona moja ya YouTube ambayo vijana wengi wa mjini hawajawahi kuifikia, labda simu ikupeleke yenyewe usiku wa manane ukiwa umekosa usingizi. Huko hakuna bifu la wasanii wala nani kaachana na nani. Kuna baba wa makamo, Mmarekani, kavaa kofia, kasimama mbele ya trekta dogo la rangi ya chungwa au kijani, anaelezea kwa dakika ishirini nzima jinsi slasha yake mpya inavyokata majani. Basi, hiyo ndiyo video. Na watu wanatazama, tena wengi.

Ila utamu wenyewe haupo kwenye video, upo huko chini kwenye maoni. Mmoja anasema udongo huo laini kama keki, hebu peleka hiyo zana kwenye mawe tuone. Mwingine anauliza mbona nyuma ya trekta hakuna uzito wowote, unataka kufa? Wa tatu, na huyu hakosekani kwenye video yoyote, anatupia swali moja fupi: mzee, hicho kitu ulinunua au ulipewa?

Ukidhani hayo ni makelele ya watu wenye bando la kuchezea, umepotea njia. Swali hilo lilishawahi kuzaa sheria, na lilizaa wakati hata televisheni haijaingia kwenye nyumba za watu.

MKULIMA ALIYEPIGWA MARA TATU KIDOGO

Turudi Marekani ya miaka ya 1910. Trekta lilikuwa ndio habari ya mjini, kama simu janja zilivyokuja kuwa baadaye. Kampuni za kutengeneza matrekta ziliota kama uyoga baada ya mvua. Nyingine zilikuwa za kweli, nyingine zilikuwa na ofisi, karatasi nzuri za matangazo, na mdomo. Zinauza, zinachukua hela, msimu ukiisha hazipo.

Huko Minneapolis palikuwa na kampuni moja iliyojiita Ford Tractor Company. Jina linakupa imani, si ndio? Sasa sikia. Kampuni hiyo haikuwa na uhusiano wowote na yule tajiri wa magari wa Detroit. Walichofanya ni kumtafuta mtu mmoja ambaye ukoo wake ni Ford, wakamwingiza kwenye kampuni, wakapata haki ya kuandika Ford mlangoni. Mchezo huo mtu akiufanya leo kwenye Instagram anaitwa tapeli. Wakati ule uliitwa biashara.

Mkulima mmoja wa Nebraska akaingia mkenge. Akanunua trekta hilo, likawa kimeo. Akalalamika, akaletewa jingine, nalo hivyo hivyo. Akaachana nao, akachukua trekta la kampuni nyingine lililokwishatumika, nalo likamsumbua. Mara ya mwisho akanunua la kampuni nyingine tena, lililouzwa kwa maelezo kwamba linavuta plau tatu. Akaliingiza shambani, likavuta tano.

Hapo ndipo unapoona akili ya huyu jamaa. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kulima zake. Yeye alijiuliza: kama matangazo yanaweza kudanganya kwa kuzidisha, na mengine yanasema pungufu ya ukweli, mtu wa kawaida anajuaje kabla hajatoa hela? Hakuwa na video ya kutazama wala watu elfu mbili wa kuwauliza. Alikuwa na karatasi ya muuzaji tu.

Akagombea ubunge wa jimbo, akapata. Akishirikiana na seneta mmoja wa hapo hapo Nebraska, mwaka 1919 wakapitisha sheria ambayo mpaka leo watu wa matrekta wanaijua. Ilisema hivi: hakuna kuuza aina mpya ya trekta ndani ya Nebraska mpaka moja kati ya hayo matrekta lipelekwe chuo kikuu cha jimbo, lipimwe na wahandisi wasio na hisa zao humo, na matokeo yaandikwe. Kampuni hairuhusiwi kuchomoa mstari mmoja mtamu wa ripoti na kuutumia kwenye tangazo huku ikificha mingine. Na kitu kingine ambacho watu hukipita haraka: kampuni iwe na kituo cha spea ndani ya jimbo.

Trekta la kwanza kumaliza mtihani lilikuwa Waterloo Boy, mwaka 1920, pale Lincoln. Liliandikwa 12-25. Maana yake: nguvu farasi 12 likivuta, na 25 likizungusha mkanda wa mashine. Zikumbuke hizo namba mbili, tutazirudia.

Hata yule tajiri wa Detroit yalimfika. Mwaka 1917 alipotoa trekta lake hakuliita Ford, aliliita Fordson, na moja ya sababu ni kwamba jina lake mwenyewe lilishatangulia kuchukuliwa kule Minneapolis. Fikiria una jina kubwa nchi nzima halafu unakuta akaunti yenye jina lako imeshafunguliwa na mtu mwingine.

Kabla ya sheria hiyo watu hawakuwa wamelala. Kuanzia 1908 mpaka 1912 pale Winnipeg, Canada, yalifanyika mashindano ya matrekta ambapo wakulima walisimama pembeni ya shamba wakiangalia chuma kikipambana na ardhi. Wanaguna, wanacheka, wanabishana, wanarudi nyumbani na la kusimulia. Ndio maoni ya watazamaji hayo, tofauti ni kwamba hayakuandikwa popote, upepo ukayachukua.

MASHINE ILIYOMGEUKIA DEREVA

Sasa kwa nini watazamaji wa leo wanakomalia sana habari ya uzito na kupinduka? Kwa sababu historia ya trekta ina makaburi ndani yake.

Lile Fordson lilikuwa bei poa na liliuzwa kama njugu, lakini lilikuwa na tabia moja mbaya. Plau ikinasa kwenye kisiki au jiwe, magurudumu ya nyuma hayasimami. Yanaendelea kuzunguka, na kwa vile plau haisogei, trekta lenyewe linaanza kujizungusha: pua inapanda juu, linasimama, linamwangukia dereva mgongoni. Ni suala la sekunde chache, huwezi hata kuruka. Watu walikufa hivyo.

Aliyeutafutia dawa ugonjwa huo ni fundi mmoja mkorofi kutoka Ireland. Jina lake unalijua hata kama hujui kama unalijua, maana lipo kwenye yale matrekta mekundu yanayopita barabarani ukisafiri mkoani, Massey Ferguson. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ilimpa kazi ya kuzunguka kuangalia matrekta yanavyofanya kazi mashambani. Yaani kwa namna fulani alianza kama mtazamaji, tena mtazamaji mwenye midomo. Aliona kwamba zana inakokotwa nyuma kwa mnyororo kama vile trekta ni ng'ombe. Yeye akaifunga zana kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ikawa kitu kimoja na trekta, inapanda na kushuka kwa nguvu ya mafuta ya hidroliki. Zana ikigonga kisiki, ule mkono wa juu unasukuma kwenda mbele na kuikandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiacha ipande.

Oktoba 1938 alifunga safari mpaka Dearborn, akamwonyesha tajiri wa Fordson. Wazee hao wawili walielewana kwa kupeana mikono, bila mkataba wa maandishi. Juni 1939 likatoka trekta la 9N, dola 585, lenye uzito wa tani moja hivi. Siku ya kulizindua walimpandisha mtoto wa miaka minane akalima mbele ya wageni na waandishi wa habari. Kiki ya hali ya juu, lakini ilikuwa na hoja ndani yake: kama mtoto analiendesha, wewe mzima unaogopa nini?

Urafiki wa kupeana mikono uliishia pale unapoishiaga. Kampuni ya Detroit ikabadilika uongozi, ikamtema yule fundi, ikaendelea kutengeneza matrekta yenye mfumo wake. Mwaka 1948 akawafungulia kesi akidai zaidi ya dola milioni 250. Ikavutwa mpaka 1952, akalipwa milioni 9.25. Mtakaosema alidhulumiwa na mtakaosema alipata nyingi, malizaneni wenyewe.

Ila mikono yake mitatu ilibaki, ikawa kipimo cha dunia nzima. Ndiyo inayofanya mtu leo anunue trekta la Kijapani na zana ya kampuni ya Marekani, zikaoana kwa pini. Bila hiyo hata hizi video zisingekuwepo, maana kila trekta lingekuwa na zana zake peke yake na kusingekuwa na cha kulinganisha.

Na zana nyingine zilipewa jina na watazamaji. Mwaka 1951 huko Selma, Alabama, ilianzishwa kampuni ya kutengeneza mashine ya kukatia vichaka inayofungwa kwenye trekta. Kampuni yenyewe inasimulia kwamba walipokuwa wakiionyesha, mkulima mmoja aliyekuwa anaangalia alishangaa jinsi inavyokula vichaka kama nguruwe. Wakalichukua neno lake wakaliweka kwenye chuma: Bush Hog. Leo Wamarekani wengi wanaiita hivyo slasha yoyote ile, hata iwe ya kampuni nyingine. Komenti moja ya mtu asiyejulikana jina, na imedumu zaidi ya miaka 70.

MATREKTA YAKAWA MADOGO, WATEJA WAKAWA WAGENI

Mwaka 1969 Kubota wa Japani waliingiza Marekani trekta lao la L200, nguvu farasi 21. Kule kwao matrekta ya size hiyo yalikuwa ya mashamba madogo na majaruba ya mpunga. Wamarekani, waliokuwa wanakimbilia makubwa kila mwaka, kumbe walikuwa na pengo: mtu mwenye ekari tano, mwenye farasi wawili, mwenye njia ya kokoto ndefu kwenda nyumbani kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hata John Deere wakaanza kuuza matrekta madogo yaliyotengenezwa na Yanmar, Wajapani wengine.

Hawa wanunuzi wapya ndio kiini cha stori nzima. Wengi si wakulima. Ni mwalimu mstaafu, fundi umeme, askari aliyerudi kwao, mtu aliyehama mjini. Hana baba aliyemfundisha trekta. Muuzaji anampa funguo, anampigia picha, anaondoka. Mwalimu wake anabaki kuwa video, na aliyemsahihisha mwalimu ni mtu wa kwenye maoni.

Na sheria ya Nebraska? Ipo mpaka leo, lakini inabana matrekta makubwa tu. Haya madogo yamepita chini ya uzio. Zana za kufunga ndio kabisa hazikuwahi kuwemo: slasha, rotaveta, uma za kubebea mizigo, kucha za kukamatia magogo, sanduku la kusawazishia barabara, hakuna chuo kinachozipima kwa lazima kabla hazijauzwa. Kwa hiyo kazi ile ya wahandisi wa Lincoln imeangukia kwa watu wasiolipwa, wanaoandika kwa vidole gumba wakiwa kwenye kochi.

Wanaifanya vizuri? Mara nyingi ndiyo, na angalia mambo wanayoyashika.

La kwanza ni zile namba mbili. Tangazo la leo linakuandikia nguvu ya injini kwa herufi kubwa. Lakini slasha haizungushwi na injini moja kwa moja, inazungushwa na ile shafti ya nyuma inayoitwa PTO, na nguvu inayofika pale siku zote ni pungufu. Mtoa video akisema trekta lake ni farasi 25, hazipiti dakika mtu anauliza: za injini au za PTO? Huyo anauliza kitu kile kile ambacho Waterloo Boy liliandikwa ubavuni mwaka 1920.

Halafu kuna ujanja wa kunyanyua. Kampuni inasema loda ya mbele inabeba kilo kadhaa. Imepimiwa wapi? Ukipima pale pale kwenye pini inapojishikia, namba inakuwa kubwa. Ukipima mbele zaidi, mahali ambapo mzigo wenyewe unakaa, namba inashuka. Nyuma nako ni hivyo hivyo, kuna kipimo cha kwenye ncha za mikono na kuna kipimo cha inchi 24 nyuma yake. Watazamaji wamezowea kufungua kitabu cha trekta, kutafuta maandishi madogo, na kumbandikia mtoa video hadharani. Wakati mwingine kwa kejeli isiyo ya lazima, lakini namba inakuwa sahihi.

Ila kubwa kuliko zote ni uzito wa nyuma. Ukinyanyua magogo kwa loda, mzigo wote unaegemea ekseli ya mbele. Ekseli hiyo ya mbele imeshikwa katikati ili iweze kucheza kulia na kushoto, haimzuii mtu asipinduke. Magurudumu ya nyuma yakiwa mepesi na mzigo uko juu, tairi moja likiingia kwenye kishimo, trekta linalala ubavu. Dawa yake ni rahisi hadi inachekesha: funga nyuma sanduku la zege au zana nzito, na beba mzigo ukiwa chini karibu na ardhi. Video inayoonyesha mtu kanyanyua loda hadi usawa wa kichwa, nyuma mtupu, na lile bomba la kumkinga dereva amelikunja kwa sababu linagonga matawi, hapo watazamaji hawaandiki maoni, wanapiga yowe.

Wana haki. Kupinduka kwa trekta ndiko kunakoongoza kuua watu mashambani Marekani. Sweden walilazimisha kinga ya dereva kwenye matrekta mapya tangu 1959. Marekani walisubiri mpaka 1976, tena kwa wafanyakazi wa kuajiriwa tu. Mtu anayeendesha trekta lake kwenye shamba lake hakuna anayemkagua. Mkaguzi wake pekee ni yule mtu asiye na picha ya profaili anayeandika: baba, simamisha hilo bomba na ufunge mkanda.

NANI KATOA HELA

Turudi kwenye lile swali. YouTube ilianza 2005, na miaka miwili baadaye watengeneza video wakaanza kugawiwa hela za matangazo. Kampuni za zana hazikuchelewa kuelewa. Badala ya kulipia ukurasa kwenye gazeti, mpe jamaa slasha, aifungue kwenye boksi mbele ya kamera. Mwaka 2009 FTC, tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi, ikasema wazi kwamba mtu anayesifia bidhaa mtandaoni lazima aseme kama kalipwa au kapewa bure. Mwaka 2024 ikaongeza kanuni ya kupiga marufuku maoni feki kabisa.

Watoa video wengi siku hizi wanasema: wamenitumia, lakini haya ni maoni yangu. Watazamaji wanagawanyika hapo. Kuna wanaoona inatosha. Kuna wanaosema hata asipodanganya, hawezi kutoa video ya kuiponda zana ya watu watakaomtumia nyingine mwezi ujao. Hoja hiyo ni nzito. Lakini wanaosahau upande wa pili ni wengi: aliyenunua kwa dola 3,000 za jasho lake naye ana sababu ya kusifia, maana nani anapenda kukiri mbele ya mke na mtandao mzima kwamba kapigwa? Ndio maana video inayoheshimika zaidi si ya kufungua boksi. Ni ile ya miaka mitatu baadaye, rangi imechubuka, chuma kimepinda, na jamaa anaonyesha alipochomelea.

Novemba 2021 YouTube wakaficha idadi ya watu walioshusha kidole chini. Walisema ni kuwakinga watengeneza video dhidi ya mashambulizi ya makusudi. Kwa video ya muziki pengine haikuuma. Kwa video ya zana ya trekta ilikuwa kama kung'oa kibao cha hatari barabarani, kwa sababu mtu alikuwa anaangalia ile namba kwanza kabla hajatoa dakika ishirini zake. Kikabaki kitu kimoja tu, maandishi. Na maandishi mwenye video anaweza kuyafuta.

Huku kwetu tuliwahi kuonja ladha ya kununua bila kuonyeshwa. Kilimo Kwanza ilipozinduliwa Tanzania mwaka 2009, pawatila zilimwagwa wilayani. Kwenye majaruba ya mpunga zilijitahidi. Kwenye udongo mkavu mgumu, wengi waliozichukua walikuta haziwezi kazi waliyoahidiwa. Arusha pana CAMARTEC, kituo cha serikali ambacho kupima mashine za kilimo ni sehemu ya kazi yake, lakini mkulima wa kijijini ripoti ya kituo angeipatia wapi? Siku hizi angalau kuna video za Kiswahili za matrekta madogo na pawatila, mtu anaonyesha shambani kabisa. Ukishuka chini kwenye maoni, swali la kwanza ni bei. La pili ni spea zinapatikana wapi, kitu ambacho yule mkulima wa Nebraska alihakikisha kinaandikwa kwenye sheria mwaka 1919.